Siku Tulipotoa Makochi Nje

Watu wakiniuliza mwaka ule ulikuwaje, jibu langu ni moja tu: nilikuwa nimechoka. Sio ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nilikuwa naamka nimechoka, nafundisha nimechoka, nasonga ugali nimechoka, na hata kanisani nilikuwa nasimama na kukaa kwa kumfuatisha aliye mbele yangu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza hapa Mtinko. Watoto wa watu, wamejaa chumba hadi wengine wanakaa mlangoni, nawamudu. Aliyenishinda ni mmoja, na huyo nilimzaa mwenyewe.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Ukimtuma chumvi dukani anatimua mbio kabla hujamaliza kusema, wewe unabaki na hela mkononi. Ukimwita akarudi, ukampa hela, anaondoka tena kwa mbio zilezile, halafu anapotea. Siku moja nilimsubiri mpaka maharage yakaiva bila chumvi. Aliporudi hakuwa na chumvi, hakuwa na hela, na mguu mmoja haukuwa na ndala, ila alikuwa amebeba kifaranga kilichovunjika mguu, amekifunga kijiti kwa uzi wa sweta lake la shule. Sweta lenyewe lilikuwa limefumuka hadi kwapani. Nilimchapa. Kifaranga kilipona, na nadhani yeye anachokumbuka cha siku ile ni hicho.

Shuleni ndiko kulikonimaliza zaidi, maana alisoma shule hiyohiyo ninayofundisha. Kila mapumziko kulikuwa na mwalimu wa kunisogelea na kikombe chake cha chai. "Mwalimu, mwanao leo..." Nilifika mahali nikisikia neno "mwanao" nakitua kikombe changu chini. Hakai kwenye dawati, hamalizi kunakili ubaoni, anajibu maswali ya wenzake na ya kwake anayaacha. Madaftari yake yalikuwa yanaanza kwa mwandiko mzuri, mstari wa kwanza, mstari wa pili, halafu katikati ya neno kalamu inaondoka kwenda kuchora kuku. Wenzangu walinionea huruma, na huruma yao ilinichosha kuliko malalamiko yao.

Nyumba tunayokaa ni nyumba ya mwalimu: vyumba viwili na sebule, bati juu, na upepo unaopita chini ya mlango mchana kutwa. Mume wangu ni fundi redio. Ana kibanda chake pale senta, lakini kibanda kilijaa zamani, kikafurika, na mafuriko yakaja nyumbani. Televisheni za chogo zilikuwa zimepangwa ukutani kama matofali. Redio zisizo na tumbo, feni zisizo na mapanga, spika, nyaya, makopo ya skrubu. Ukimuuliza anasema, "Hizo ni spea." Mimi nami sikuwa mtakatifu. Nilikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya wageni ambao hawajawahi kuja, na seti nzima ya makochi ya harusi yetu, makubwa kuliko sebule. Kochi la watu watatu lilikaliwa na magunia ya alizeti yakisubiri kukamuliwa. Juu ya magunia kulikuwa na nguo zilizofuliwa zikisubiri kukunjwa. Kutoka mlangoni hadi chumbani tulikuwa tunapita ubavu ubavu.

Katika nyumba hiyo kila asubuhi ilikuwa vita ya kiatu. Kiko kimoja, cha pili hakipo. Daftari liko chini ya gunia, soksi iko nyuma ya televisheni. Yeye anainama kutafuta soksi, anakuta sumaku ya spika, anasahau soksi. Mimi napiga kelele, mdogo wake wa miaka miwili analia, baba yao anatoka zake bila kuaga. Kengele ya shule inalia, na mwalimu wa zamu, ambaye wakati mwingine ni mimi, anasimama getini akiwasubiri wachelewaji.

Mwishoni mwa mwaka ule vitu vilizidi kupotea. Kwanza ilipotea bisibisi ya mume wangu, ile yenye mpini mwekundu, aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi. Halafu kiatu kimoja cha mdogo, kile cha kutokea. Halafu kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia. Mume wangu alimfokea binti yake juu ya bisibisi hadi yule mdogo akajificha chumbani. Mtoto alisimama tu, anatazama miguu yake. "Sijui," alisema. Ukweli ni kwamba hata mimi nilijua ni yeye, maana kila kilichopotea pale kilikuwa kimepotezwa na yeye.

Zamani hawakuwa hivyo, baba na mwana. Alipokuwa na miaka minne alikuwa anakaa katikati ya miguu ya baba yake pale kibandani, anamshikia tochi, na baba anamtajia jina la kila kidude anachokigusa. Baadaye akaanza kufungua redio za wateja mwenyewe, na kuzifunga hakukumbuka. Akapigwa marufuku kibandani. Tangu hapo maneno aliyokuwa anaambiwa na baba yake yalikuwa matatu: acha, toka, rudisha.

Kilichovunja yote, hata kabla ya bisibisi kupotea, ni lambo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha na lambo limepata maji, nikaenda kufua na watoto wote wawili. Nilipokwenda kuanika mashuka kwenye vichaka nilimwambia binti yangu, "Mshike mdogo wako mkono. Usimwachie hata iweje." Akaitikia. Nilianika shuka moja, la pili, nikageuka. Yeye alikuwa juu ya mawe anamnyatia pimbi. Mdogo wake alikuwa ndani ya maji, yamefika kiunoni, anacheka na kuendelea mbele. Nilikimbia nikamtoa. Hakuna kilichotokea. Nasema hivyo kila ninaposimulia.

Mume wangu aliposikia hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alisema, "Huyu aende bweni. Watamnyoosha." Ilikuwepo shule ya bweni upande wa Manyoni ambayo watu walikuwa wanaisifia kwa ukali. Nilikubali siku hiyohiyo. Niliwaambia watu kwamba ni kwa faida yake, na kwa sehemu ilikuwa kweli, lakini iliyokuwa kweli zaidi ni kwamba nilijisikia kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani. Mtoto alipoambiwa aliuliza tu kama huko kuna pimbi.

Tukanunua tranka la bluu lenye maua ya njano kifunikoni. Tukaliweka sebuleni, likawa kitu kingine cha kuruka. Alilipenda. Ufunguo wa kufuli aliufunga kwenye uzi akauvaa shingoni, na nilishangaa siku zinapita haujapotea.

Kwenye fomu za shule kulikuwa na ukurasa wa kujazwa na daktari, kwa hiyo nikampeleka mjini Singida. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliona kwenye fomu kazi yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, daktari."

Akainama kuandika. Alipoinua kichwa kutafuta mhuri wake, mhuri ulikuwa mapajani kwa mwanangu, umefunguliwa vipande vitatu, na vidole vyake vyote vya bluu. Nikainua mkono. "Mwache kwanza, mwalimu," daktari akasema. Akamuuliza mtoto, "Unaweza kuurudisha ulivyokuwa?" Kabla sijamaliza kuomba radhi mhuri ulikuwa mzima, umegongwa mara moja kwa majaribio kwenye kiganja chake.

Fomu ikawekwa pembeni. Yule daktari akaanza kuniuliza maswali, mengi, na mengine sikuyapenda. Analala vipi? Anamaliza kazi gani bila kusukumwa? Tangu ana miaka mingapi? Nyumbani akiwa na baba yake inakuwaje? Mwisho akaandika herufi nne kwenye karatasi, ADHD, akanisogezea. Alisema inaelekea ni hiyo, ila atataka tumrudishe apimwe vizuri. Kwamba mtoto wangu sio mtundu na sio mjinga. Kwamba kila anachokiona kinamwita kwa nguvu sawasawa na kingine, chumvi, kifaranga, uzi, pimbi, na hana namna ya kuchagua amwitikie nani. Kuna watoto wanaosaidiwa na dawa, alisema, na hilo tungelizungumza taratibu. Halafu akaniuliza, "Sebuleni kwenu kuna nini?"

Nilianza kutaja. Nilipofika kwenye feni nikaona aibu.

"Punguzeni vitu," akasema. "Kila kitu chake kiwe na mahali pamoja, na pasibadilike. Halafu kila siku mmoja wenu akae naye dakika kumi bila kumrekebisha."

"Bila kumrekebisha tufanye nini?"

"Mkae tu, mwalimu."

Basi. Nilikwenda kutafuta mhuri, nikapewa ufagio. Nilikasirika kweli. Nyumba gani ya huku haijajaa? Nani ana dakika kumi za kukaa tu? Fomu aliisaini, akasema uamuzi ni wetu, akanipa tarehe ya kurudi. Njia nzima kurudi Mtinko nilikuwa nawakumbuka watoto niliowahi kuwachapa miaka yote hii, hasa mmoja aliyekuwa anatoka darasani kwa kupitia dirishani. Nilimchapa muhula mzima. Siku hizi ni mtu mzima, tukikutana gulioni ananiamkia kwa heshima, na mimi namwitikia haraka haraka napita.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ya Manyoni, mume wangu aliondoka alfajiri kwenda mjini kutafuta vipuri vyake na ndoo iliyokuwa imebaki kwenye orodha ya shule. Nikaamua kutoa vitu nje. Sababu yangu haikuwa nzuri, acha niiseme ilivyo. Nilitaka tarehe ya kurudi kwa yule daktari ikifika nimwambie: nimefanya ulivyosema, na haikusaidia. Nilitaka pia kukipata kile kiatu cha mdogo.

Nilianza na redio, nikaja kwenye feni. Binti yangu alibeba na mimi, anakimbia na kitu nje, anakisahau uani, anarudi kwa kingine. Kazi ya namna ile ilimfaa kuliko ninavyoweza kueleza. Televisheni tulizitoa zote. Makochi yalinishinda, nikawasimamisha vijana wawili waliokuwa wanapita na majembe kwenda kupalilia. Wakaweka majembe chini, wakatoa makochi, wakatoa kabati, wakatoa magunia, wakalitoa na tranka. Hawakuniuliza kitu. Waliondoka wanazungumza kwa sauti ya chini, nami nikasema moyoni, vijana wa siku hizi wana adabu.

Nikafagia, nikanyunyiza maji kutuliza vumbi, nikatandika mikeka miwili ili mdogo asikae kwenye sakafu ya baridi. Kiatu sikukiona.

Binti yangu aliingia mbio kama kawaida yake, akasimama katikati ya chumba. Akageuka huku, akageuka kule.

"Mama, leo hapa kimya," akasema.

Hakukuwa kimya. Upepo ulikuwa unapiga bati, na mdogo wake alikuwa anagonga sufuria. Lakini aliketi mkekani. Akavuta kopo kubwa la skrubu za baba yake, kopo lililochanganyikana miaka na miaka, akalimwaga mbele yake, akaanza kuzichambua. Ndefu huku, fupi kule, zenye kichwa bapa peke yake. Nilisimama mlangoni nikisubiri ainuke. Hakuinuka. Niliosha vyombo nikarudi, yupo. Nilimnyonyesha mdogo nikamlaza, nikarudi, yupo, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na mafungu ya skrubu yamepangika kama mboga za kuuza. Miaka tisa nilikuwa sijawahi kumwona mwanangu akiwa ametulia na huku yuko macho. Machozi yakaanza kunitoka pale mlangoni, nami sikuyafuta, maana hapakuwa na mtu wa kuniona.

Kumbe alikuwepo. Mama jirani yetu, ambaye ndiye katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, alikuwa anaingia uani. Huku kwetu makochi hayatolewi nje kwa usafi. Makochi hutolewa mtu akifa, sebule ikaachwa wazi, mikeka ikatandikwa, akina mama wakakaa chini. Mimi mwenyewe nimeyatoa makochi ya watu mara nyingi, na wala halikunijia kichwani. Yule mama aliona makochi uani, akaona kabati, akaona mikeka, akaniona mimi mlangoni na machozi. Akajishika kichwa, akaangua kilio kwa Kinyaturu. Mimi ni mtu wa Kiomboi, Kinyaturu changu ni cha kuombea maji, lakini kile kilio hakihitaji tafsiri.

Nyuma yake walikuja wengine. Wale vijana walikuwa wamepita mashamba yote wakisema kwa mwalimu kuna msiba. Wanawake waliacha palizi, na palizi haisubiri mtu, wakaja na matope miguuni, khanga kiunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na unga kwenye ndoo. Walinishika, wakaniketisha mkekani kabla sijafungua mdomo.

"Ni baba?" mama jirani aliniuliza sikioni. "Fundi wetu jamani! Yuko wapi?"

"Yuko Singida," nikasema.

"Mochwari?"

"Hapana! Amefuata vipuri. Hakuna aliyekufa, mama. Nilikuwa nafanya usafi."

Kilio kilikatika kidogo kidogo, kuanzia waliokuwa karibu hadi waliokuwa getini. "Usafi," alirudia mama jirani. Alitazama matope miguuni kwake. Nilitamani sakafu niliyoifagia inimeze. Nikaanza kueleza kuhusu daktari, kuhusu vitu na mahali pake, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojiona nazidi kuwa mwehu.

Hapo ndipo bodaboda ilipokata kona na mume wangu juu yake, amebeba ndoo mpya ya shule.

Niliuona uso wake. Aliona makochi, akaona wanawake, akaona mzigo wa kuni. Hakusubiri pikipiki isimame. Ndoo ikaanguka ikabingirika hadi barabarani, na yeye akaja anawasukuma watu huku akiita jina la binti yetu. La kwake tu. Hakuita langu, hakuita la mdogo. Katika wote wa nyumba ile ambao wangeweza kufa asubuhi moja akiwa hayupo, moyo wake ulikwenda kwa yule aliyekuwa anaambiwa acha, toka, rudisha.

Mtoto alikuwa uani. Vilio vilipoanza alikuwa ameziacha skrubu zake akatoka, na hakuna aliyemjali. Alikuwa ameketi juu ya tranka lake la bluu, kati ya kabati na televisheni, ameshika ufunguo wake shingoni. Baba yake alimfikia akapiga magoti kwenye vumbi, akamkumbatia kwa nguvu. Mtoto alikakamaa.

"Sijavunja kitu, baba," akasema.

Mume wangu alikuwa amemshika tu, anahema, na mabega yake yanacheza. Sisi wengine tulisimama. Mtoto aliangalia juu ya bega la baba yake, akatuangalia mmoja mmoja, macho yetu mekundu, khanga zetu viunoni.

"Kwani hawa wamekuja kunililia mimi?" akauliza. "Kwa sababu naenda bweni?"

Mama jirani, ambaye hajawahi kukosa neno kwenye msiba wowote wa Mtinko, aligeukia ukutani. Mume wangu aliinua kichwa akanitazama. Nilikuwa namsubiri aseme yeye, naye alikuwa ananisubiri mimi.

"Huendi," nikasema.

"Haendi," mume wangu akasema, kama vile ni mimi niliyekuwa nabisha.

Nilipolisema tu nikaogopa. Nililiona lambo. Nikawaona walimu wenzangu na vikombe vyao vya chai, na asubuhi zote za viatu zinazokuja. Hakuna uchovu hata mmoja uliopungua pale. Niliurudisha wote kichwani kwa hiari yangu, na ulikuwa na uzito uleule.

Mama jirani alikataa kurudi na unga. Alisema unga ukishatoka nyumbani kwenda kwa mwenzako umetoka. Kwa hiyo ukapikwa ugali, kuku wangu mmoja akapata bahati mbaya, na tukala wote tumekaa chini kwenye sebule tupu, wanawake na matope yao, wakicheka sasa, wakirudia ile "Mochwari?" mpaka mume wangu naye akacheka. Binti yetu ndiye aliyenawisha watu. Alianza vizuri kwa watu wanne, kisha akaliacha jagi mikononi mwa bibi mmoja akakimbilia dirishani kuona kitu. Bibi akamalizia kujinawisha mwenyewe. Hakuna aliyemkaripia, na mimi nikajizuia.

Baada ya kula ndipo ilipokuja kazi ya kurudisha, na kwa kubeba vitu hakuna kama wanawake waliozoea misiba. Mama jirani alisimama mlangoni kama karani wa forodha. Kila kitu kilichofika kwake aliuliza, "Hiki kinafanya kazi gani?" Kochi kubwa lilihamia kwake, tukakubaliana ni kwa ajili ya misiba ya kweli. Alizeti ikaenda stoo ya shule kwa muda. Kwenye televisheni mume wangu akasimama kidete: spea, spea, spea. Binti yake akamvuta mkono hadi mkekani akamwonyesha skrubu. Mafungu kumi na mawili. Mume wangu alichuchumaa. Aliokota moja moja, akairudisha kwenye fungu lake. Halafu akaniambia televisheni mbili zibaki, nyingine zote ziende.

Lilibaki tranka. Nilisema liwe mlangoni, ndani yake viwe viatu, sare na mkoba, na hakuna kitu cha shule kitakachokaa kwingine. Kwanza tutoe vya bweni. Mtoto akavua ufunguo shingoni, akasita.

"Usinichape," akasema.

Akafungua. Juu kulikuwa na mashuka mapya, tulivyoyapanga. Chini kabisa, ndani ya sweta jipya la shule, kulikuwa na kifurushi. Alikifungua mwenyewe. Ilikuwemo bisibisi yenye mpini mwekundu. Kilikuwemo kiatu cha mdogo wake. Ilikuwemo kalamu yangu nyekundu, na kifuniko chake.

Nilikaa chini. "Kwa nini, mama?" nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa ya mwalimu.

"Mimi huwa nasahau vitu," akasema. "Niliogopa huko bweni nitawasahau na nyie."

Baba yake aliichukua ile bisibisi, aliyoitafuta wiki tatu, akaigeuza mkononi. Akaifuta kwa shati lake, akairudisha ndani ya tranka palepale ilipokuwa.

Ipo humo mpaka leo. Tumeshakwenda kwa yule daktari mara nyingi, na sikumwambia nilichokuwa nimepanga kumwambia. Kiatu bado kinapotea, sio kila siku. Mimi bado nimechoka. Lakini jioni mume wangu akiwa na kazi huja sebuleni, anakaa mkekani pembeni ya mwanawe, anasema, "Naazima bisibisi yangu," na mtoto anamuuliza atairudisha lini.